Kutua kwa tumbo: mwongozo kamili kwa rubani wa turbopropu ndogo Uganda

Tulikuwa tunarudi Entebbe kutoka Arua, alasiri, ndani ya King Air, ndege ya turbopropu (propela zake huzungushwa na injini za aina ya jeti), yenye abiria sita. Nilikuwa rubani msaidizi. Nikashusha kishikio cha gia, yaani miguu ya magurudumu, nikasikia pampu ya haidroliki ikivuma, nikahesabu taa. Ya mbele, kijani. Ya kushoto, kijani. Ya kulia, giza. Mkono wangu ukaanza kurudi kwenye kishikio ili nipandishe na kushusha tena upesi, kabla mnara wa waongozaji ndege haujatuuliza chochote. Kapteni, mzee aliyeanza kuruka anga hili kabla sijazaliwa, akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Usiguse kitu, kijana wangu. Kwanza tupande, halafu tuhesabu mafuta. Kishikio chenyewe kinawaka nyekundu?"

"Hapana, kapteni. Taa yake imezimika."

"Basi mguu huenda uko sawa. Mgonjwa ni taa."

Tukapanda, tukaenda kuzunguka juu ya ziwa upande wa visiwa vya Ssese. Huko akachomoa kile kibalbu, kidogo kama punje ya mahindi, akakibadilisha na cha kushoto. Taa ya kulia ikawaka. Tukatua kama siku zote, na abiria wakadhani tumewazungusha waone visiwa.

Tangu siku ile jambo la kwanza ninalomfundisha mwanafunzi ni hili: gia ikikataa, ndege bado inaruka. Injini zinafanya kazi, mabawa yanabeba, mafuta yapo. Muda ni wako. Rubani anayetua kwa tumbo, yaani bila magurudumu, akiwa amejiandaa, kwenye ranwei (njia ya kurukia na kutulia) nzuri na zimamoto wakimsubiri, huwatoa watu wake wakitembea kwa miguu yao. Mei 13, 2024, huko Newcastle, Australia, King Air B200 yenye watu 3 ilipata hitilafu ya gia baada ya kuruka. Rubani akazunguka zaidi ya saa tatu kupunguza mafuta, kisha akailaza kwa tumbo juu ya lami. Hakuna aliyeumia. Zile saa tatu ndizo somo lenyewe.

Mwongozo huu ni wa ndege gani

Ni wa turbopropu ndogo zenye gia inayokunjwa: jamii ya King Air, Pilatus PC-12, TBM, Let 410 na wenzao. Caravan ya kawaida, ambayo ndiyo utaiona zaidi kwenye viwanja vyetu vya mbugani, miguu yake haikunjwi, kwa hiyo rubani wake hana tatizo hili. Caravan ya kutua majini ni habari nyingine, maana kwake hatari kubwa ni kutua ziwani huku magurudumu yametoka: yakigusa maji ndege hupinduka kifudifudi. Kama unaruka hiyo, kabla ya kila kutua sema kwa sauti unatua wapi, majini au nchi kavu.

Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho. Kasi, mpangilio wa swichi na namna ya kushusha gia kwa mkono hutofautiana hata kati ya ndege mbili za jina moja zilizotoka kiwandani miaka tofauti. Ninayoandika hapa ni ya kukuwezesha kukielewa kitabu hicho ukiwa umekaa chini na kikombe cha chai, ili usiwe unakisoma mara ya kwanza huku honi ya kuonya kwamba gia haijashuka inalia.

Kwanza, usiwe wewe uliyesahau

Nawaambia wanafunzi ukweli huu bila kuuzunguka: ndege nyingi zilizotua kwa tumbo duniani zilikuwa na gia nzima kabisa. Rubani alisahau. Na kusahau kuna chanzo kinachojulikana, nacho ni kukatizwa katikati ya kazi.

Chukua mfano wa uwanja wa mbuga ya Kidepo. Unakuja, gia umeshashusha, taa tatu za kijani unaziona. Ghafla kundi la swala linavuka njia. Unaongeza nguvu, unapanda, unapandisha gia, na macho yako yote yako chini ukitazama wanyama wanaelekea wapi. Unazunguka. Safari hii ranwei ni tupu. Kichwani mwako kazi ya kushusha gia "imeshafanyika", kwa sababu uliifanya dakika nne zilizopita. Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa.

Dawa yake ni mazoea yasiyobadilika. Mimi hushusha gia mahali pale pale kila safari, na nikifika futi 500 juu ya ardhi naweka kidole kwenye taa, moja, mbili, tatu, nikitaja kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Nikipaa tena kwa sababu yoyote ile, cheklisti (orodha ya ukaguzi) ya kutua naianza upya kutoka mstari wa kwanza. Na honi ya gia ikilia, usiizime mpaka umetazama taa. Kuna marubani wameizoea honi kiasi kwamba mkono unaizima huku akili iko kwingine.

Kuna jambo ambalo lazima liingie moyoni kabla ya siku ile. Kama umesahau, na unasikia propela zinakwaruza lami, baki chini. Punguza nguvu, shika usukani, acha ndege iserereke. Mei 22, 2020, mjini Karachi, Airbus A320 iligusa ranwei kwa injini zake, gia ikiwa juu, kisha marubani wakapaa tena. Injini zote mbili zilizokwaruzwa zikafa angani. Kati ya watu 99 waliokuwemo, 97 walikufa. Ile ilikuwa ndege kubwa ya jeti, lakini propela iliyopinda ncha haitakuwa na huruma zaidi kwako.

Gia inakataa kwa sababu gani

Kwenye ndege nyingi za aina hii mota ya umeme huendesha pampu, pampu husukuma mafuta ya haidroliki, na mafuta husukuma miguu. Miguu ikishatoka, kufuli za chuma huishika. Swichi ndogo kwenye kila mguu hupeleka habari kwenye taa zako. Kwa hiyo kuna mahali pa kuharibika pengi: umeme, mota, bomba linalovuja, mlango uliokwama, swichi, waya, balbu.

Uganda inatuongezea matope. Njia za murami wakati wa masika huirushia gia udongo mwekundu unaoganda kama saruji ukikauka. Udongo huo hukaa kwenye swichi, kwenye viungo, kwenye kingo za milango ya gia. Ukirudi kutoka Moroto au Kisoro na ndege imepakwa matope, mwombe fundi aoshe miguu siku hiyo hiyo, na umwambie ni nini hasa ulichokanyaga. Maji yenyewe yasielekezwe kwa nguvu kwenye vifundo na swichi, yataingiza uchafu ndani zaidi. Mimi hutumia kitambaa na brashi, nikichuchumaa mwenyewe, na mara mbili nimekuta waya uliochubuliwa na kokoto ambao kwa kusimama nisingeuona.

Hatua ya 1: panda, kaa sawa, gawa kazi

Taa si tatu? Ongeza nguvu, panda, ondoka kwenye mzunguko wa uwanja. Waambie waongozaji unahitaji mahali pa kuzungukia na sababu yake. Otopailoti iwashe. Mkiwa wawili, mmoja anarusha tu na mwingine anashughulika na tatizo. Msizame wote wawili kwenye taa. Ukiwa peke yako, ndege kwanza, gia baadaye, na kila baada ya mstari mmoja wa cheklisti inua macho utazame mwinuko na kasi.

Hesabu mafuta kwa saa na dakika, kisha tazama saa. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, na giza huingia upesi. Tatizo lililoanza saa kumi linakupa kama saa mbili na nusu za mwanga, na unataka kutua mchana. Tazama pia mawingu. Karibu na Ziwa Victoria dhoruba hupenda kuchemka juu ya maji usiku na alfajiri, na mchana huhamia nchi kavu. Chagua pa kuzungukia kwa kufuata hilo.

Hatua ya 2: tafuta ugonjwa ulipo

Anza na vitu vyepesi. Bonyeza kitufe cha kujaribu taa. Badilisha balbu. Kama swichi ya kufifisha taa iko kwenye hali ya usiku, irudishe mchana, maana jua la saa nane linaweza kuficha taa iliyofifishwa. Angalia sakiti breka ya gia, ile swichi ya usalama inayokata umeme ukizidi: kama imeruka, irudishe mara moja tu, na tu kama kitabu kinaruhusu. Ikiruka tena, iache. Inakulinda na moto.

Angalia kasi. Kila ndege ina kasi ambayo gia haitakiwi kutolewa ukiizidi. Kwa King Air B200 ni noti (maili za baharini kwa saa) 181 kushusha na noti 163 kupandisha. Upepo wa kasi kubwa huweza kuuzuia mguu usifike mwisho.

Ikishindikana, nenda kwenye kushusha kwa mkono. Kwenye King Air zenye haidroliki kuna mpini wa pampu sakafuni. Unaweka kishikio chini, unavuta sakiti breka inayotajwa na kitabu, unasukuma mpini mpaka taa zote tatu ziwake. Ni kazi ya mgongo na inachukua muda kuliko unavyodhani. Usiache kwa sababu mkono umechoka na hakuna kilichotokea. Mipigo ya mwisho ndiyo inayofunga kufuli. Kwenye aina nyingine miguu huanguka kwa uzito wake na pampu humalizia. Ukishaipata gia kwa njia hii, usirudishe mpini wala breka yoyote mahali pake. Hitilafu yenyewe inaweza kuwa kwenye saketi ya kupandisha, na gia ikajikunja wakati umeshatua.

Kama mguu mmoja tu ndio haujafunga na kitabu kimekwisha, kuna ufundi wa kuyumbisha mkia kushoto na kulia kwa upole, au kushuka kidogo na kuinua pua ili uzito uvute mguu. Fanya hivyo juu sana, kwa kasi ndogo ya kutosha, na uache ukiona hakuna mabadiliko baada ya majaribio mawili matatu.

Unaweza kupita mbele ya mnara wakutazame. Bora zaidi, mpigie fundi aje na simu ya kamera nzuri, apige picha unapopita, azikuze. Lakini aliye chini anaona kwamba mguu umetoka. Kama umefunga hawezi kuona. Ukiambiwa "iko chini" bila taa ya kijani, jiandae kana kwamba itakunja.

Hatua ya 3: tumbo, au miguu miwili?

Hali mbaya kuliko zote ni mguu mmoja wa nyuma umetoka na mwingine haukutoka. Ndege ikigusa, bawa moja linaanguka na ndege inazunguka kuelekea upande huo, pengine nje ya ranwei. Kwa hiyo vitabu kadhaa vinasema: kama unaweza kuikunja yote, ikunje, ulale kwa tumbo lililo sawa. Miguu miwili ya nyuma ikiwa imefunga na wa pua ndio umegoma, mara nyingi unatua kwa ile miwili na kuishikilia pua juu mpaka ikose nguvu yenyewe. Angalia kitabu chako kinasemaje kwa kila hali, uandike pembeni kwa penseli leo hii.

Hatua ya 4: chagua mahali

Hapa nina msimamo, na ninajua wako wanaonipinga. Chagua lami ndefu yenye zimamoto. Kwa Uganda hiyo ni Entebbe, kama mafuta yanakufikisha. Ranwei 17/35 ina mita 3,658, na 12/30 ina mita 2,408. Waongozaji wanaweza kukuomba utumie 12/30 ili ile kubwa isizibwe, na kwa turbopropu ndogo mita hizo zinatosha kabisa, upepo ukiruhusu. Upepo usiporuhusu, kataa kwa adabu. Mchana upepo wa ziwani huvuma kutoka kusini, kwa hiyo mara nyingi utatua kwenye 17, yaani ukielekea kusini, ukitokea nchi kavu. Kaskazini, Gulu ina ranwei ya lami inayozidi kilomita 3, nayo ni ya kufikiriwa kama uko upande huo. Uliza mapema zimamoto wako tayari kiasi gani.

Watu husema nyasi ni laini, tua kwenye nyasi. Vitabu kadhaa vya zamani navyo vinataja nyasi ngumu au lami iliyomwagiwa povu. Nyasi zetu baada ya mvua si ngumu. Ncha ya propela au ukingo wa injini ukichimba udongo, ndege inaweza kusimama ghafla, kuzunguka, au kupinduka. Lami inakwaruza na kutoa cheche, ndiyo, lakini unajua itakuwaje kutoka mwanzo hadi mwisho. Habari ya povu nayo imepitwa: mamlaka ya anga ya Marekani ililipendekeza mwaka 1966 na kuliondoa kwenye mapendekezo mwaka 1987. Povu linalomwagwa chini ni povu ambalo halitakuwepo kwenye magari pale moto ukitokea.

Na ziwa? Hapana. Ndege nzima yenye injini nzima haipelekwi majini kwa sababu ya magurudumu.

Hatua ya 5: tangaza

Sema Mayday, neno la redio la kutangaza dharura. Wengi wanaona haya, wanasema "tuna tatizo dogo", na magari ya zimamoto yanabaki bandani. Weka transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kwenye namba ya dharura 7700 kama waongozaji hawajakupa maagizo mengine. Kwa Kiingereza cha redio, kilicho fupi na cha taratibu, wape: jina la ndege, gia haishuki, unakusudia kutua kwa tumbo, ranwei gani, watu wangapi, mafuta kwa muda na kwa uzito, mzigo wa hatari kama upo, na milango iko upande gani. Taarifa hiyo ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo inayomwambia mzimamoto akimbilie wapi.

Hatua ya 6: choma mafuta, fungasha ndege

Ndege zetu ndogo haziwezi kumwaga mafuta angani, kwa hiyo ni kuyachoma. Turbopropu ikiwa chini hula zaidi kuliko ikiwa juu. Kama unataka kupunguza uzito, zunguka chini, na kama unataka muda wa kufikiri, zunguka juu. Amua unachotaka. Weka mabawa yote sawa kwa uzito. Usichome mpaka tone la mwisho: baki na ya kutosha kujaribu kutua mara mbili na akiba. Likutulize pia hili: Jet A-1 hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi joto 38 hivi, kwa hiyo si wepesi wa kuwaka kama petroli ya ndege za pistoni.

Kila kilicho huru ndani ya kabini kifungwe. Gunia la vitunguu lililoegemezwa nyuma ya kiti litakuja mbele kama jiwe. Wahamishe abiria wasikae usawa wa propela, kwa sababu kipande cha propela iliyovunjika kinaweza kutoboa ukuta. Jaza viti vya mbali na mstari huo kwanza.

Hatua ya 7: zungumza na watu wako

Hapa marubani wengi ni wabahili wa maneno. Abiria asiyejua hujaza mwenyewe pengo kwa hofu. Zungumza mapema, polepole, kwa lugha wanayoielewa. Safari za kaskazini na za mpaka wa Kongo, Kiswahili ndicho kinachowafikia wengi zaidi kwa mara moja. Mimi husema hivi, na nimekiandika kwenye kadi:

"Ndugu zangu, mimi ni kapteni wenu. Magurudumu ya ndege hayajashuka. Ndege inaruka vizuri na mafuta tunayo. Tutatua kwa tumbo Entebbe, na zimamoto wanatusubiri. Mtasikia mkwaruzo mkubwa. Hiyo ni kawaida yake. Vueni miwani, kalamu, na viatu vya kisigino. Kazeni mkanda chini kabisa ya tumbo. Nikisema 'Inama', inameni, kichwa kiguse kiti cha mbele, mikono juu ya kichwa, miguu ikanyage sakafu. Msinyanyuke mpaka ndege isimame kabisa. Mkitoka, mizigo na simu viacheni. Mama mwenye mtoto, nitakuonyesha jinsi ya kumshika."

Kisha chagua abiria mmoja mwenye nguvu na utulivu, mwambie, "Mzee, wewe ndiye utakayefungua mlango ule," na umwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe akishika kitasa bila kukizungusha. Mtu aliyepewa kazi hatetemeki sana.

Hatua ya 8: njia ya mwisho na kugusa

Ondoa presha yote ya kabini kabla ya kutua, la sivyo milango haitafunguka. Honi ya gia itakusumbua. Kama kitabu kinaonyesha breka ya kuinyamazisha, ivute mapema ukiwa bado juu.

Njoo kwa mteremko wa kawaida, mrefu na uliotulia, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) kama kitabu kinavyosema, na kasi ya kitabu bila kuongeza "kidogo cha usalama". Kasi ikizidi kwa asilimia 10, nguvu inayotakiwa kumalizwa kwenye lami inaongezeka kwa asilimia 21. Kumbuka pia tuko juu. Entebbe iko futi 3,782 kutoka usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 27 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 6,100, na noti 100 unazosoma kwenye kioo ni karibu 110 za kweli. Hiyo peke yake ni asilimia 20 ya nguvu zaidi ya kuserereka kuliko ungekuwa usawa wa bahari siku ya nyuzi 15. Ndiyo maana sitaki uongeze hata noti tano.

Injini uzizime lini? Swali hili hubishaniwa kwenye kila meza ya marubani. Ukizima mapema unaziokoa propela na pengine injini, lakini umejiondolea uwezo wa kupaa tena, na propela za injini ya PT6 zikikosa presha ya mafuta hugeuka zenyewe kukata upepo. Ukinzani wake kwa upepo unapungua ghafla, na ndege inaelea mbali kuliko ulivyotazamia. Nimeliona hilo kwenye simuleta: mwanafunzi mzuri, kapanga vizuri, kazima injini futi 200 juu, halafu akaelea nusu ya ranwei. Ninachofundisha ni hiki: kama kitabu chako kinaagiza kuzima kabla ya kugusa, zima pale tu unapokuwa na hakika ya lami chini yako, na uwe umeshajizoeza. Kama huna hakika, tua na injini kwenye nguvu ya chini, uzizime mara tu ukigusa. Propela hununuliwa.

Kukaribia chini, jua kwamba macho yako yatakuwa chini kuliko siku zote, kama mita moja hivi, na hewa kati ya tumbo na lami itaibeba ndege muda mrefu zaidi. Usiiangushe kwa kukosa subira na usiinue pua sana ukaupiga mkia. Iache izame taratibu, mabawa sawa kabisa. Sema "Inama!" kwa sauti kubwa. Itagusa antena, kisha tumbo, flapu, na vifuko vya injini. Sauti ni mbaya kuliko jambo lenyewe.

Sasa rubani bado ana kazi. Mkia una nguvu maadamu kuna kasi. Tumia pedali kuishika katikati, na usukani kuweka mabawa sawa. Breki huna. Usivute propela kinyume. Ndege itaserereka mita mia kadhaa na kusimama yenyewe.

Hatua ya 9: toka

Mafuta kata, vali za ukuta wa moto funga, betri zima. Kabla ya kuzima betri sema neno moja kwa abiria: "Tokeni!" Kimo cha kuruka ni kidogo kwa kuwa ndege imelala chini. Waelekeze upande upepo unakotoka, mbali na injini, ambazo bado ni moto kama jiko. Mita 100 zinatosha. Wahesabu, kisha wahesabu tena kwa majina. Mpe kiongozi wa zimamoto idadi hiyo kwa mdomo wako.

Mtu akisema anarudi kuchukua simu, mshike mkono.

Baada ya hapo

Kila mtu apimwe na daktari, hata anayecheka. Hasa anayecheka. Mamlaka ya Usafiri wa Anga itaarifiwa, na uchunguzi ni wa kitengo cha ajali chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa utaratibu wa Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambao lengo lake ni kujua chanzo na kuzuia lisijirudie. Andika unachokumbuka jioni ile ile, kwa mkono wako, kabla hujakaa na watu wakaanza kukusimulia walichokiona wao. Andika pia usichokikumbuka.

Ndege usiiguse. Bosi atataka iondolewe upesi kwa sababu ranwei imefungwa, na watu wa kreni watakuwa wameshafika. Mwachie mchunguzi atoe ruhusa. Ukilazimika kurudi ndani kuchukua hati, rudi na mtu wa kushuhudia, usirudishe breka wala swichi yoyote, na kishikio cha gia kiache pale pale ulipokiacha. Hicho ndicho atakachokitazama kwanza.